Saa 3 za kwanza ni za mama

Ukitaka kujua kama samaki atakuwa na mayai au mbegu zake siku atakapokomaa, usianze kwake. Anza kwa mama yake. Kwa danio milia, yule samaki mdogo wa mistari ya buluu anayeuzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo hapa Nairobi, shughuli hiyo huwa imeshaandaliwa ndani ya ovari kabla dume hajamwaga mbegu hata moja. Jeni za kiinitete chenyewe huamka karibu saa 3 baada ya utungisho. Kinachotendeka kabla ya hapo huendeshwa na akiba aliyoiacha mama: RNA zake (nakala za maagizo ya jeni), protini zake, na mahali alipoziweka. Kazi ya kufuga samaki hawa na kuhesabu seli zao za uzazi imetuonyesha kuwa makosa mengi yana shina moja. Mtu huchunguza jeni za kiinitete, hubadilisha maji ya kiinitete, hurudia jaribio mara tano, na kumbe chanzo kimo kwa mama ambaye hakuna aliyeandika namba yake.

Yai changa, likiwa bado dogo na halijajazwa kiini cha njano, huwa na donge moja kando ya kiini cha seli. Donge hilo huitwa mwili wa Balbiani, nalo ni mkusanyiko wa mitokondria, RNA na protini. Yai likikua, donge husogea hadi ukingoni na kuvunjikia huko, na upande huo ndio unaokuwa chini ya yai. Protini inayoushikilia mkusanyiko huo ni Bucky ball, kwa kifupi Buc. Jike asiye na nakala nzima hata moja ya jeni ya buc hula, huogelea na hutaga kama wenzake. Tatizo limo katika mayai: hayana juu wala chini, sitoplazimu hutapakaa pande zote badala ya kupanda juu, na vitundu vya kupitishia mbegu huwa vingi badala ya kimoja. Mbegu kadhaa zikaingia kwa pamoja, kiinitete hakiendi mbali. Kinyume chake kilionyeshwa mwaka 2009: RNA ya buc ikiongezwa ndani ya kiinitete kisicho na kasoro, seli za uzazi huongezeka.

Donge hilo mtu anaweza kuliona bila vifaa vya gharama kubwa sana. Chukua ovari ya jike mdogo wa wiki 6 hadi 8, kwa sababu kwake mayai mengi bado ni ya hatua ya kwanza, yenye kipenyo kisichozidi milimita 0.14, na mwanga hupenya. Rangi ya DiOC6, inayoshika mitokondria, huliwasha donge likaonekana kama mwezi mdogo kando ya kiini cha seli. Ovari ya jike aliyekomaa haifai. Mayai yake makubwa yaliyojaa kiini cha njano hufunika yale madogo, na ukiyachambua kwa nguvu yanapasuka na kuchafua kila kitu.

Shehena iliyotoka kwenye donge, yaani RNA za jeni za vasa, nanos3, dazl, dnd na protini zinazoandamana nazo, huitwa plazma ya uzazi. Baada ya utungisho vipande vyake vidogo hutawanyika, kisha hukusanywa upya. Katika nyuzijoto 28.5 mgawanyiko wa kwanza hukamilika dakika ya 45, wa pili kwenye saa 1, na kuanzia hapo seli hugawanyika kila robo saa. Mgawanyiko wa kwanza unapochora mfuo wake, yaani mkunjo unaoikata seli mara mbili, vipande huburutwa na nyuzi za mikrotubuli hadi kwenye ncha mbili za mfuo huo. Mfuo wa pili hufanya vivyo hivyo. Kwenye kiinitete cha seli 4 utakuta madonge 4, mpangilio uliochorwa wazi mwaka 1997 kwa kufuatilia RNA ya vasa. Dazl hufika kwa kuchelewa, maana huanzia upande wa chini na kupanda kupitia kiini cha njano.

Kisha huja kipindi ambacho wanaoanza kazi hii hukisoma vibaya. Kiinitete kikifika seli 32, saa 1 na dakika 45, madonge 4 yamo ndani ya seli 4. Seli yenye donge ikigawanyika, donge zima huenda kwa mtoto mmoja tu. Hivyo kiinitete hufika seli elfu moja kikiwa bado na seli 4 tu, au zinazokaribia hapo, zenye shehena ya mama. Wanaozitafuta seli za uzazi saa ya 3 huona nne na kudhani samaki ana upungufu. Hana. Ni karibu saa ya 4 ndipo plazma hiyo huenea kuzunguka kiini cha seli na kugawiwa watoto wote wawili, na hapo idadi huanza kupanda. Kufikia saa ya 24 huwa kuna seli kama 25 hadi 50, zimejipanga kulia na kushoto mahali tezi za uzazi zitakapokaa.

Kwa nini plazma hiyo iwe na nguvu namna hiyo? Jeni za kiinitete zinapoamka, moja ya kazi za kwanza ni kufagia RNA za mama. Fagio kubwa ni RNA fupi iitwayo miR-430. Hushika mkia wa RNA ya nanos3 na wa nyingine nyingi na kuziharibu katika seli zote za mwili. Katika seli zilizorithi plazma ya uzazi kuna protini ya Dnd, ambayo hukaa juu ya mikia hiyo na kuikinga. RNA ile ile ya mama hupotea kwenye seli ya msuli na kubaki kwenye seli ya uzazi, kwa sababu ya mlinzi aliyewekwa na mama. Ukiiondoa Dnd, seli hizo hupotea. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa hazifi tu. Nyingine hubadili njia na kuwa seli za kawaida za mwili, kama misuli na neva. Kwetu hili ndilo jambo zito kuliko yote katika somo hili. Seli ya uzazi haitoshi kutengenezwa. Lazima izuiwe isiwe kitu kingine, na kizuizi cha kwanza hutoka kwa mama.

Sasa mazingira ya hapa. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwenye joto lile lile maji yake hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko maji ya Mombasa. Pampu ya hewa si pambo, hata kwenye tangi lenye samaki wachache. Kuanzia Juni hadi Agosti chumba cha mawe hupoa vibaya usiku. Hita ya wati 1 kwa kila lita ya maji hutosha miezi mingine, lakini Julai weka ya pili na ufunike tangi. Mchana na usiku hapa hukaribia kulingana mwaka mzima, ilhali danio hutaga vizuri akipata saa 14 za mwanga na 10 za giza. Ziba dirisha, fungia taa swichi yenye saa, iwake saa 3 asubuhi na kuzimika saa 5 usiku.

Maji ya bomba yana klorini, na kipimo chake hubadilika. Baada ya siku za mgao, maji mapya yanapoingia kwenye tangi la paa, usiyaamini. Sodiamu thaiosalfeti huondoa klorini, takriban gramu 7 za chumvi hiyo kwa kila gramu ya klorini. Maji ya visima vya Nairobi huwa na floraidi nyingi, kwa hiyo pima kabla ya kuyategemea. Kwa mayai hatutumii maji ya bomba wala ya kisima. Changanya lita 10 za maji yaliyokenekwa na gramu 2.9 za sodiamu kloraidi, gramu 0.13 za potasiamu kloraidi, gramu 0.49 za kalsiamu kloraidi yenye molekuli 2 za maji, na gramu 0.81 za magnesiamu salfeti yenye molekuli 7 za maji. Rekebisha pH ifike karibu 7.2. Ukipima kalsiamu kloraidi kavu kwa kipimo cha ile yenye maji umezidisha, na kosa hilo hutokea kwa sababu tu lebo ya chupa haikusomwa hadi mwisho.

Umeme ukikatika, tangi kubwa hupoa polepole na samaki wazima huvumilia. Kisahani cha mayai hupoa ndani ya dakika chache. Weka karibu sanduku jeupe jepesi, lile wauza samaki wanalotumia kuhifadhia barafu, na chupa mbili za maji ya vuguvugu, kisha hamishia visahani humo pamoja na kipimajoto. Katika nyuzijoto 25 hatua ya saa ya 4 hufikiwa karibu saa ya 5. Kwa hiyo andika hatua ya kiinitete kama ulivyoiona kwa hadubini, usiandike saa ya ukutani peke yake. Baridi kali ndani ya saa ya kwanza ina dhara la ziada: huvunja mikrotubuli, na hizo ndizo kamba zinazokusanya plazma ya uzazi kwenye mifuo. Kundi lililopoa wakati huo litupwe. Kulitetea ni kujidanganya.

Jioni weka jike na dume kwenye sanduku la kutagishia, kizuizi katikati. Asubuhi taa ikiwaka ondoa kizuizi, na mayai huanza kuanguka chini ya wavu. Yakusanye kila dakika 15. Ukingoja saa nzima utapata mchanganyiko wa seli 1, 2 na 4 katika kisahani kimoja, na hakuna hesabu ya madonge itakayokuwa na maana. Jozi moja, sanduku moja. Kuweka majike sita na madume manne pamoja huleta mayai mengi, lakini hujui tena yai lipi ni la mama yupi, na mama ndiye unayemchunguza.

Kwa kuangalia RNA ya vasa kwenye seli 4, yagandishe mayai kwa dawa, si kwa barafu, yakiwa ndani ya ganda lake katika paraformaldehaidi ya asilimia 4, nyuzijoto 4, usiku kucha. Kiinitete kibichi cha umri huo kikitolewa ganda hupasuka kwa kuguswa na plastiki. Kesho yake toa ganda kwa vibano viwili vyenye ncha kali, pitisha kwenye methanoli, kisha hifadhi nyuzijoto 20 chini ya sifuri. Protinasi K (kimeng'enya kinachokata protini) ya mikrogramu 10 kwa mililita hutumika kwa dakika 10 hivi kwa kiinitete cha saa 24. Kwa seli 4 iruke kabisa, ama sivyo utabaki na vipande. Kichunguzi cha RNA, yaani kipande cha RNA kinachoishika ile ya vasa, hulazwa usiku katika nyuzijoto 65 hadi 70, kingamwili ya kukishika kichunguzi huwekwa kwa 1 katika 5,000, halafu rangi.

Madonge yasipoonekana kuna maelezo mawili, na yanafanana machoni: mama hakuiweka plazma, au kichunguzi chako kimeharibiwa na vimeng'enya vya mikono isiyo na glovu. Dawa yake ni rahisi. Ndani ya kila mrija tia viinitete vichache vya saa 24 kutoka kwa mama unayemjua ni mzima, vikiwa vimeshapitia protinasi yao kando. Vina umbo tofauti, havichanganyiki na vya seli 4. Vikipata rangi na vile vidogo vikakosa, hapo una jambo. Vyote vikikosa, huna jambo ila kutengeneza kichunguzi kingine.

Njia ya pili ya kuziona seli za uzazi ni kudunga RNA ya protini inayong'aa kijani iliyoungwa mkia wa nanos3. Tone la nanolita 1 lina kipenyo cha milimita 0.125. Lipime ndani ya mafuta chini ya hadubini kabla ya kugusa yai, na urudie kupima kila sindano ikikatika ncha. Nanogramu 100 kwa mikrolita hutoa pikogramu 100 kwa yai, na inatosha. Dunga kwenye seli 1, si zaidi ya dakika 40 tangu utungisho. Saa za mwanzo kiinitete chote hung'aa, kwa kuwa fagio la miR-430 halijamaliza kazi. Hesabu saa ya 24, upande wa kulia na wa kushoto kando kando. Andika namba mbili: seli zote, na seli zilizofika mahali pake. Seli za uzazi husafiri zikifuata protini ya Cxcl12a, ambayo huihisi kwa kipokezi cha Cxcr4b, na mwongozo ukiharibika zitatapakaa kichwani na mkiani huku idadi yake ikiwa nzima. Anayehesabu za mahali pake tu ataripoti upungufu wa urithi wa mama pale ambapo kasoro ni ya safari.

Na unapokokotoa, kipimo kimoja ni mama mmoja. Viinitete 30 vya jike mmoja ni picha nzuri ya jike huyo, lakini bado ni jike mmoja. Anza na majike watatu kwa kila kundi, na ukiweza fika sita. Tofauti kati ya mama na mama ni kubwa kuliko tofauti kati ya ndugu, na ripoti nyingi tulizosoma zenye nyota nyingi za takwimu, yaani alama za matokeo yanayodaiwa kuwa si ya bahati, huporomoka ukihesabu upya kwa mama.

Upande wa jeni ndio unaokula muda. Danio hukomaa kwa karibu miezi 3. Kasoro ya jeni ya mama haionekani kwa mtoto aliyeirithi kwa wazazi wote wawili, kwa kuwa mama yake mwenye nakala moja nzima alishamwekea akiba. Lazima mtoto huyo akue, awe jike, atage, na ndipo uone mayai yake yakishindwa. Ukizalisha wabebaji wawili, yaani samaki wenye nakala moja nzima na moja mbovu, na kulea samaki 80, tarajia 20 wasio na nakala nzima, na kama jinsia ziko nusu kwa nusu, majike 10. Kisha fanya ndoa mbili: jike mwenye kasoro kwa dume mzima, na dume mwenye kasoro kwa jike mzima. Kasoro ikitokea kwenye ndoa ya kwanza tu, tena kwa mayai yote bila kujali dume ni nani, hiyo ni ya mama. Ikitokea kwa robo ya watoto wa wabebaji wawili, ni ya kiinitete.

Kuna mtego. Baadhi ya jeni hizi zinahitajika tena baadaye kwa samaki mwenyewe. Danio asiye na vasa hupoteza seli zake za uzazi na kukua akiwa dume tasa, kwa hiyo jike wa kumchunguza hutampata hata ukilea samaki 800. Njia ya kutokea ni kupandikiza seli za samaki mwenye kasoro ndani ya kiinitete ambacho seli zake za uzazi zimeondolewa kwa kuizuia dnd. Mwenyeji hukua akiwa na mwili mzima na kutoa mayai ya mgeni. Katika samoni wa Atlantiki, mwaka 2020, njia nyingine ilionyeshwa: jeni ya dnd inaharibiwa, lakini RNA yake hudungwa kwenye yai wakati huo huo, yaani mwanadamu anaweka mkononi ile akiba ambayo kwa kawaida ni ya mama, na seli za uzazi zinaokoka.

Usichukue matokeo ya danio ukayabandika kwa kila samaki. Danio na medaka (samaki mdogo wa Japani) wakikosa seli za uzazi huelekea kuwa madume. Samaki wa dhahabu hubaki na jinsia aliyopangiwa, na samoni hali kadhalika. Hata mpangilio wa akiba si mmoja: katika medaka RNA ya vasa imetapakaa kiinitete kizima mwanzoni, haikai kwenye madonge 4.

Wafugaji wa ngege (tilapia) wanaokuja kuuliza habari hizi wana sababu nzuri. Majike huzaa mapema, bwawa likajaa vifaranga, na samaki wa kuuza wakabaki wadogo. Suluhisho lililozoeleka ni chakula chenye homoni ya methilitestosteroni, miligramu 60 kwa kilo, siku 21 hadi 28 tangu vifaranga waanze kula. Samaki asiye na seli za uzazi ni njia nyingine inayochunguzwa, na tangu 2014 jeni za nanos2 na nanos3 zimekatwa katika ngege wa Nile. Kwa Kenya, kazi ya namna hiyo hupitia Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia chini ya sheria ya 2009 hata ikiwa ndani ya maabara iliyofungwa. Maombi hayo yaanze kabla hata ya kununua samaki.

Kwa anayetaka kuangalia akiba ya mama katika ngege, kikwazo cha kwanza ni mdomo. Jike huatamia mayai mdomoni, na mayai yanayokusanywa huko kwa kawaida yameshapita hatua ya seli 4. Inabidi jike aliye tayari, yule ambaye mrija wake wa kutagia umetokeza na kuvimba, akamuliwe kwa mkono kwenye bakuli kavu. Mbegu zimwagwe juu ya mayai kwanza, maji yafuate baadaye. Maji yakitangulia yai huamka, na kitundu cha mbegu hufunga baada ya muda mfupi. Mayai haya ni makubwa, yana urefu wa milimita 2 hadi 3, na kiini chake cha njano kizito huficha rangi ya kichunguzi. Baada ya kuyagandisha, chonga kofia ya seli kutoka juu ya kiini kwa kibano na uitie rangi peke yake. Mgawanyiko wa kwanza huchukua zaidi ya saa moja, kwa hiyo ratiba ya danio usiitumie. Kaa na hadubini, ngoja mfuo wa pili ukamilike, ndipo umimine paraformaldehaidi.